Bahiya Hakufungua

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kuvunja. Gazeti likishachapwa, Mzee Gregori alinikabidhi kurasa zilizopangwa kwa herufi za madini ya risasi, zikiwa bado na wino, nami nikachomoa herufi moja moja na kuirudisha kila moja kwenye kijisanduku chake, ili kesho yake zipangwe maneno mengine. Herufi za chapa zimegeuzwa kama maandishi unayoyaona kwenye kioo. Mgeni hawezi kuzisoma. Mie baada ya miaka miwili nilikuwa nazisoma haraka kuliko karatasi.

Ndiyo maana Jumatatu ile nilijua. Nilikuwa nimetoka kuugua malaria, siku tano sikuonekana kazini, na ukurasa wa kwanza niliopewa kuuvunja ulikuwa wa hadithi yangu mwenyewe, sehemu ya tatu na ya mwisho. Nilipofika mistari ya chini nikashika neno moja mkononi, nikadhani homa haijaniisha. Nikalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Lilisema akafungua.

Mie sikuandika akafungua. Niliandika hakufungua.

Nikasoma yaliyobaki kabla sijagusa herufi nyingine. "Bahiya akafungua mlango, akapokea sanduku la mumewe, na tangu siku hiyo wakaishi kwa umoja, wakifanya kazi kwa bidii pamoja na wenzao." Hakuna neno langu hata moja hapo, ila jina Bahiya, na hilo nalo nililitunga kuficha jina la mtu.

Nilizichukua zile herufi tisa za akafungua nikazifunga kwenye pindo la kanga yangu. Zilizobaki nikazivunja zote, nikazirudisha, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani Temeke kwa miguu kabla ya wakati.

Gazeti letu liliitwa Jirani. Lilikuwa na kurasa nane, lilitoka mara moja kwa mwezi, na lilichapwa Chang'ombe kwa ajili ya watu wa kisomo, wale wazee na akina mama waliokuwa wanajifunza kusoma alasiri kwenye ofisi za tawi. Mhariri wake alikuwa Ndugu Audax, Mhaya aliyetoka chuo kikuu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimpenda. Nalisema mapema kwa sababu hasira yangu haieleweki bila hilo. Mtu nisiyempenda angeniharibia hadithi, ningelia siku moja nikaacha.

Aliiona hadithi yangu kwa bahati. Karatasi zilikuwa shida mwaka ule, na mie nilikuwaga nikiandika nyuma ya prufu, zile karatasi za majaribio ambazo husahihishwa kisha hutupwa. Siku moja alitafuta prufu ya zamani, akaigeuza, akakuta mwandiko wangu. Akauliza chumba kizima nani kaandika. Nikaendelea kuvunja. Akauliza siku tatu. Siku ya nne Mzee Gregori, mpangaji herufi wetu, akamwambia, "Ndugu Mhariri, mwenyewe yuko mbele yako anatazama viatu vyako tangu juzi."

Tangu hapo tukaanza vita ya kimyakimya. Yeye alikuwa anabadilisha maneno yangu, mie nayarudisha. Niliandika "akanyamaza," yeye akaweka "akabubujikwa machozi." Nilisubiri aende kula, nikaingia chumba cha kupangia, nikachomoa machozi yake yote, nikaweka "akanyamaza." Aliporudi akasoma, akanitazama, akacheka mpaka akavua miwani.

"Nimehariri watu wagumu," alisema. "Kuna mwalimu mmoja alinitishia fimbo. Lakini mwandishi msumbufu kuliko wote ni huyu asiyefungua mdomo."

Akaninunulia penseli nyekundu kama ya kwake. Akanifundisha alama zote za masahihisho: ya kufuta, ya kurudisha, ya kugeuza herufi iliyosimama kichwa chini. Jioni tukawa tunaondoka pamoja hadi njia panda ya Temeke, yeye anaongea, mie nasikiliza, na siku nyingine mie naongea kidogo, naye ananyamaza kabisa ili asinikatishe. Hakuna mtu aliyewahi kuninyamazia hivyo. Sehemu ya kwanza na ya pili zilitoka kama nilivyotaka. Nilimwamini. Nikaugua siku tano.

Jumatano, saa kumi alasiri, mama mdogo Adelina alirudi kutoka kisomo akiwa ameshika Jirani.

Mama mdogo ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, Adelina ndiye aliyekuja kutoka Newala kutulea, na mie nikaacha shule ili nimsaidie, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kifundo na hauwezi kutwanga. Mkono huo aliuvunja mumewe. Alimvunja, akaenda kuishi na mwanamke mwingine Lindi miaka minne, kisha siku moja ya mvua akarudi na sanduku, akagonga. Mama mdogo alikuwa ndani anamenya kunde. Akamsikia, akamjua kwa kukohoa, akaendelea kumenya. Mume akagonga mpaka akachoka. Hakuna mtu mwingine anayeyajua hayo, ila mie, niliyesimuliwa mara moja tu tukiwa tunaanika muhogo. Nilipomwomba niyaandike alifikiri siku mbili. Akasema, "Andika. Lakini usiweke jina langu. Na usinifanye nilie."

Kuanzia hapo akajiandikisha kisomo. Hakutaka nimsomee. Alitaka aisome mwenyewe, kwa macho yake.

Sasa akakaa kwenye mkeka barazani. Baba yangu, Alfonsi, alikuwa upande wa pili wa ua anachonga mpingo, vipande vyeusi vinaruka. Mama mdogo akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mama mdogo, leo umechoka," nilisema. "Soma kesho."

"Nimechoka nini? Mwalimu amesema ninasoma kuliko mwenyekiti wa tawi."

Akasoma. Alisoma taratibu, silabi kwa silabi, midomo ikitangulia sauti. Mvua ikanyesha kwenye hadithi. Mume akaja na sanduku. Akagonga mara ya kwanza, ya pili. Baba akaacha kuchonga akasikiliza. Mie nilikuwa nimeshika fagio na sikufagia.

"Ba-hi-ya a-ka-fu," alisema, akasimama. Akarudi nyuma. "A-ka-fu-ngu-a." Akaondoa kidole, akakitazama kama kimemdanganya, akakirudisha palepale. "Filo. Hapa pamesema nini?"

"Pamesema hivyo ulivyosoma."

"Kwamba nilifungua."

Baba akasema, "Nani alifungua?"

"Mie nilifungua," alisema tena mama mdogo, taratibu, kama bado anasoma. "Nikapokea sanduku. Kwa mkono upi, Filo? Huu?"

Aliunyanyua ule mkono uliopinda. Nikamwambia sikuandika mie, amebadili mhariri, nikiwa mgonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia. Alilikunja gazeti mara nne, akaliingiza chini ya mguu wa kabati uliokuwa mfupi, akaenda kuwasha moto. Siku iliyofuata hakwenda kisomo. Wala siku iliyofuata hiyo.

Ijumaa ndipo nilipokwenda tena kazini, nimejaza maneno mdomoni. Ndugu Audax hakuwepo, alikuwa mjini kwenye mkutano. Mzee Gregori akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeficha zawadi, akaniuliza kama nyumbani kwetu kesho watu watakuwepo.

"Watakuwepo."

"Basi vizuri. Na wewe umeziona f zangu? Nilikuwa na f nyingi, sasa naona zimepungua."

Nilisema sijaziona.

Jumamosi asubuhi Mzee Gregori akaja nyumbani amevaa kanzu ambayo sijawahi kumwona nayo, na huyo ni mtu wa misa ya kwanza. Mkononi ana leso nyeupe iliyokunjwa, na ndani ya leso bahasha. Nilielewa kabla hajakaa. Nikakimbilia chumbani, nikasimama nyuma ya pazia, na nikawa nafurahi na kukasirika kwa pamoja, jambo ambalo sikujua kama linawezekana.

"Mzee Alfonsi," alisema Mzee Gregori baada ya salamu ndefu, "nimetumwa. Mie ni mshenga. Kuna kijana ameona ua kwenye nyumba hii."

"Ua lipi? Hapa kuna vumbi la mpingo tu."

Wakacheka. Baba akaipokea barua, akaigeuza juu chini, akampa mama mdogo. "Wewe ndiye msomi."

"Mie siku hizi sisomi," alisema mama mdogo.

"Soma, Adelina. Mtoto ni wako."

Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Kwa he-shi-ma na ta-a-dhi-ma," alisoma. "Mi-mi Au-dax na-bi-sha ho-di." Akarudia bila kukata silabi. "Nabisha hodi katika nyumba yenu."

"Endelea," alisema baba.

"Huyu Audax ndiye yule wa gazeti?"

"Ndiye mhariri mwenyewe," Mzee Gregori alisema kwa fahari. "Mtu wa chuo kikuu."

Mama mdogo akaendelea. Barua ilikuwa ndefu. Ilisema binti yenu nimemwona ana tabia njema, ni mtulivu na haongei sana. Ilisema elimu yake ni ndogo lakini nitamwongoza na kumnyoosha. Ilisema tutajenga nyumba yenye umoja. Neno umoja alilisoma vizuri kuliko yote, kwa sababu alishakutana nalo. Mwisho barua ikasema ninangoja jibu lako, Mzee Alfonsi, wewe uliye baba na mwenye neno la mwisho.

Baba akacheka peke yake.

"Gregori, huyu kijana wako amekosea mlango. Kwao Bukoba mtoto ni wa baba. Sie Wamakonde mtoto ni wa kwao mama yake. Mie nimezaa tu. Mwenye neno ni mjomba wake, na mjomba yuko Newala, na kabla hajaondoka neno lake alimwachia Adelina mbele yangu. Kwa hiyo mwenye barua hii ndiye huyo aliyeisoma."

"Lo," alisema Mzee Gregori. "Hakujua."

"Hakuuliza," alisema mama mdogo. "Huwa haulizi."

Akaja chumbani akanipa barua. Macho yake hayakuwa na machozi, yalikuwa makavu na makali.

"Wewe unamtaka?"

Nilikuwa nimejaa maneno lakini hilo halikuwemo. Nikatikisa kichwa, si ndiyo, si hapana.

"Sijakuuliza vibaya. Unamtaka au humtaka?"

"Namtaka," nilisema. "Na sasa hivi nikimwona nitampiga na kigoda."

"Hiyo naielewa," alisema mama mdogo.

Nikachukua penseli nyekundu, ile aliyoninunulia yeye. Nikaiweka barua juu ya sanduku la nguo, nikaisahihisha kama alivyonifundisha. "Haongei sana," nikafuta. "Nitamwongoza," nikafuta. "Kumnyoosha," nikafuta mara mbili mpaka karatasi ikachanika kidogo. "Umoja" nikalizungushia duara, na pembeni nikaandika: neno hili si lako, umelitoa kwenye hadithi yangu ulikoliweka mwenyewe. Kwenye jina la baba nikaweka alama ya kubadilisha, juu yake nikaandika Adelina. Chini kabisa, mahali ambapo yeye kwenye prufu huandika ruhusa, nikaandika: Isichapwe.

Mama mdogo alikuwa amesimama juu yangu.

"Nipe na mie."

"Unataka kuandika?"

"Si nimeambiwa mimi ndiye mwenye jibu?"

Akashika penseli kwa ule mkono. Ilimchukua muda. Kila herufi ilisimama peke yake, nyingine imelala. Hakuwahi kumwandikia mtu yeyote kitu maishani mwake, na jibu lake lilikuwa neno moja. Sikufungua.

Mzee Gregori alipoiona barua ile, uso wake ulizeeka.

"Jamani. Mie ni mshenga, nimekuja na leso. Narudije na daftari la mwalimu?"

"Rudi nayo hivyohivyo," alisema mama mdogo. "Leso mrudishie."

Jumatatu Ndugu Audax alinikuta kwenye meza ya kuvunjia. Barua alikuwa nayo mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Filomena, ulikuwa unaweza kusema hapana."

Niliendelea kuchomoa herufi.

"Watu husema hapana, hairudishwi barua ya posa imechorwa nyekundu. Umeniaibisha mbele ya Mzee Gregori. Nimekuandikia kwa moyo, wewe unanihariri?"

"Na wewe?" nilisema.

Hakutegemea sauti. Mzee Gregori aliyekuwa kwenye kona yake aliacha kupanga.

"Mie nini?"

Nikafungua pindo la kanga, nikaziweka mbele yake zile herufi tisa, moja moja, kwenye mstari. Alizitazama. Mhariri wetu, na chuo kikuu chake chote, alikuwa hawezi kusoma risasi. Ilibidi nimsomee.

"Akafungua," nilisema. "Nani alikwambia alifungua?"

Akashusha pumzi. "Ah. Hilo. Nilitaka kukueleza. Kamati ya gazeti ilikaa ukiwa mgonjwa. Walisema mwanamke anayemwacha mume nje kwenye mvua anafundisha watu kutengana, na sasa hivi nchi nzima tunawaambia watu wakae pamoja. Walitaka kuitoa. Nikasema nipeni nafasi, nitarekebisha mwisho. Nimeiokoa hadithi yako, Filomena."

"Ungeiacha itolewe."

"Kisha watu wasisome kabisa?"

"Ndiyo. Wasisome. Afadhali wasisome kuliko wasome uongo na jina langu liko juu."

"Ni hadithi. Bahiya hayupo. Umemtunga wewe, mie nimemtunga kidogo zaidi. Anaumia nani?"

Hapo ndipo nilipopata sauti yote niliyokuwa sijaitumia kwa miaka ishirini. Sikupiga kelele. Niliongea tu, na sikuacha mpaka nilipomaliza. Nilimwambia Bahiya yupo, anakaa Temeke, mkono wake wa kulia umepinda kwa sababu mwenye sanduku aliukanyaga. Nilimwambia alijiunga kisomo akiwa na umri wa miaka arobaini na sita ili asome mistari mitatu tu, na mistari hiyo mitatu ndiyo aliyoiondoa yeye. Nilimwambia amesoma kwa kidole kwamba alimfungulia. Gazeti sasa liko chini ya mguu wa kabati, na kisomo ameacha. Kisha nikamwambia, "Na ndiye uliyembishia hodi. Hiyo barua ni yake kujibu. Lile neno pale chini ni la kwake."

Aliigeuza barua, akatafuta lile neno. Sikufungua. Nadhani siku mbili alikuwa amelitazama akifikiri ni mimi ninayemfungia yeye.

Akakaa kwenye kigoda cha Mzee Gregori bila kuomba ruhusa.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Ningeuliza, ungeniambia? Wewe? Miezi sita sijui hata unapenda chakula gani."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo, na nikamchukia zaidi kwa ajili ya huo ukweli. "Ungeuliza," nilisema, "ungengoja, ningesema. Unajua kungoja. Njia panda unangojaga."

Akaikunja barua. Akasema, kwa sauti ya mhariri sasa, "Hata nikitaka, kurasa zimevunjwa. Mwisho wako hauko tena. Na karatasi ya mwezi huu imekwisha."

Mzee Gregori akakohoa. Akainuka, akaenda kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya wino, akashusha kitu kilichofungwa uzi kuzunguka. Ilikuwa mistari ya risasi, imekaa pamoja kama tofali dogo. Nikaisoma kutoka mbali. Bahiya hakufungua. Mume alipochoka kugonga akaondoka. Bahiya akamwaga maganda ya kunde, akafunika chungu.

"Nilishapanga kama binti alivyoandika," alisema Mzee Gregori. "Ukaja ukaniambia toa. Nikatoa. Hukuniambia vunja." Akaiweka mezani. "Na karatasi, kuna vile vipande vinavyobaki mashine ikikata gazeti. Vyembamba, lakini mistari michache inaingia."

Ndugu Audax akatazama vipande, akatazama risasi. "Sahihisho," alisema polepole. "Tuchape sahihisho, lisambazwe darasani."

"Lakini na maneno ya juu yawepo," nilisema. "Yaseme nani alibadilisha."

"Kamati itaniita."

"Itakuita."

Alivua miwani akaishika. Nilimwona anapima. Sikumsaidia. Kama angesema neno lolote kuhusu nchi nzima, ningeondoka kiwandani siku ileile na nisingerudi, na angebaki na leso yake. Akasema, "Mzee Gregori, nipangie basi."

"Sipangi," alisema Mzee Gregori. "Kosa si langu. Visanduku vile pale, herufi zinaanzia kushoto."

Wiki ile nzima, kila alasiri, mhariri alisimama chumba cha kupangia na mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Sikumsogelea. Mara moja aliuliza hewani kama h inakaa juu au chini, na mie nikajifanya sikusikia. Mzee Gregori alipita nyuma yake akiguna. Niliendelea kukasirika, watu hudhani hasira ya mtu mkimya huisha upesi, kumbe inakaa tu ndani imepangwa vizuri. Lakini niliona kwamba hampi mtu mwingine kazi ile, na kwamba alipokosea alibomoa mstari mzima akaanza upya.

Jumapili, baada ya misa ya pili, alikuja nyumbani. Hakuwa na mshenga. Alisimama nje ya ua, jua kali, akabisha hodi mara moja tu, akangoja. Baba akaacha kuchonga akatutazama. Hakuna aliyeinuka.

"Ni nani?" aliuliza mama mdogo kutoka ndani, ingawa alikuwa amemwona dirishani.

"Audax, mama. Shikamoo."

"Una nini?"

"Nina karatasi. Siingii. Nimekuja kuileta tu."

Mama mdogo akanionyesha kwa kidevu. Nikatoka, nikakipokea kipande chembamba juu ya wigo bila kumtazama usoni, nikakipeleka. Mama mdogo akakaa kwenye mkeka. Akakiweka kidole chake.

"Sa-hi-hi-sho," alisoma. "Ka-ti-ka to-le-o li-li-lo-pi-ta, mha-ri-ri Au-dax a-li-ba-di-li mwi-sho wa ha-di-thi ya Fi-lo-me-na Al-fo-nsi bi-la ru-hu-sa ya-ke." Akapumua. "Amejitaja jina."

"Amejitaja."

"Mwi-sho wa kwe-li ni hu-u."

Akakishusha kidole mstari wa chini yake. Kisha akasoma mistari yake mitatu. Aliisoma mara ya kwanza taratibu, mara ya pili haraka zaidi, mara ya tatu bila kidole. Alipofika kwenye kunde, mara zote tatu, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayehakikisha kwamba chumba kimeachwa kama alivyokiacha. Baba hakuuliza tena nani alifungua. Alikuwa ametazama ule mkono uliopinda, na sasa alijua.

Mama mdogo akalitoa lile gazeti chini ya mguu wa kabati. Kabati likaegemea. "Tafuteni jiwe," alisema. Gazeti akalitupa jikoni, na sahihisho akaliingiza katikati ya daftari lake la kisomo.

"Yule bado yuko juani?" aliuliza.

"Yuko."

"Mwambie jibu langu nitampa mwenyewe, sio leo. Kwanza akaitwe na kamati tuone atasema nini. Lakini maji apewe."

Nikampelekea maji kwenye kikombe cha bati. Alikunywa yote. Kucha zake zilikuwa bado na wino.

"Kuna herufi tatu zimesimama kichwa chini," nilimwambia. "Na mistari miwili imepinda."

"Nilijua utaziona."

"Mbona hukuzirekebisha?"

"Sikuziona," alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka baada ya kusema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha. "Nimeiandika upya. Ya Mama Adelina. Lakini nimeona nikupe wewe kwanza uipitie, kabla haijamfikia."

Nilisimama nayo mkononi. Bado nilikuwa na hasira naye, nyingi, za kutosha mwezi mzima. Nilimwambia angoje hapohapo. Nikaingia ndani, na kabla sijaifungua nikatafuta penseli.